Ubongo Unavyopima Sukari: Ushahidi Ulivyopatikana

Katika haipothalamasi, eneo dogo lililo sehemu ya chini ya ubongo, kuna seli za neva zinazochangamka glukosi ikipanda na kupoa ikishuka. Hilo lilijulikana tangu miaka ya 1960. Lakini seli hupimaje sukari? Jibu lilianzia kwenye moyo.

Mwaka 1983 Akinori Noma wa Japani aligandisha ncha ya kijibomba cha kioo kwenye utando wa seli ya moyo, akakivuta mpaka kipande cha utando kikang'oka. Upande uliokuwa ndani ya seli sasa ulitazama nje, kwenye maji aliyoyaandaa mwenyewe. Pasipo ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, milango ya potasiamu ilifunguka. Akitia ATP, ilifungwa. Nguvu ya jaribio hili ni kwamba seli yenyewe haikuwepo tena. Hapakuwa na kiini wala mitokondria ya kusingiziwa; ni ATP na utando tu.

Mwaka uliofuata milango hiyo ilionekana kwenye seli za kongosho zinazotoa insulini. Glukosi ikichomwa, ATP huongezeka na milango hufungwa. Potasiamu ikishindwa kutoka, chaji ya utando hubadilika, kalsiamu huingia na insulini humwagwa.

Mwaka 1990 Ashford, Boden na Treherne waliikuta milango inayozuiwa na ATP katika haipothalamasi ya panya, kwenye seli zilezile zinazochangamshwa na glukosi. Tolbutamidi, dawa ya kisukari inayoizuia milango hiyo, nayo ilizichangamsha. Kwangu huo ulikuwa ushahidi mzuri, ila haukutosha. Vipande vya ubongo maabarani kwa kawaida huwekwa kwenye glukosi ya milimoli 10 kwa lita, ilhali ndani ya ubongo ulio hai kiwango ni kama robo ya hapo. Kinachotokea kwenye sahani hakithibitishi kinachotokea kichwani.

Ndiyo maana naithamini zaidi kazi ya Takashi Miki na wenzake ya mwaka 2001. Mlango huu umeundwa kwa protini nane: nne za Kir6.2, ambazo ndizo njia ya potasiamu, na nne za SUR1 zinazoizunguka. Walitumia panya waliozaliwa bila jeni ya Kir6.2. Seli zao za haipothalamasi hazikuitikia glukosi, na sukari ya damu iliposhuka, glukagoni, homoni inayoirudisha juu, ilitoka kidogo mno. Hapo mtu angeuliza: si kongosho nalo limekosa mlango huohuo? Watafiti walilipima pia. Seli zinazotengeneza glukagoni zilikuwa zikifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosekana ni amri kutoka ubongoni. Kipimo hicho cha ziada ndicho kinachoibeba hoja nzima.

Bado panya hao walikosa mlango mwili mzima. Mwaka 2007 Parton na wenzake wakabana zaidi: waliweka Kir6.2 yenye kasoro, isiyozimwa vizuri na ATP, ndani ya seli za neva za POMC peke yake, kundi mojawapo la seli za haipothalamasi. Kongosho halikuguswa. Hata hivyo seli hizo ziliacha kuihisi glukosi, na mwili ukashindwa kuishusha sukari ipasavyo. Panya wengine, wenye jeni kamili lakini waliononeshwa kwa chakula cha mafuta mengi, walipoteza uwezo uleule katika seli zilezile.