Medani na Umati katika Filamu ya Loznitsa

Neno maidan, ambalo watu wa Ukraine huliitia uwanja wa mji, ni ndugu wa neno medani la Kiswahili. Asili yao ni moja, huko Mashariki, ijapokuwa yalisafiri kwa njia mbalimbali. Mswahili akisikia medani hufikiri vita. Mwenyeji wa Kyiv hufikiri kwanza mahali pa kukutania. Katika filamu ya Sergei Loznitsa iitwayo Maidan, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2014, maana zote mbili zimo, na ya pili yaizaa ya kwanza.

Filamu hiyo yahusu watu waliokusanyika katika Uwanja wa Uhuru, Kyiv, tangu mwisho wa mwaka 2013 hata Februari 2014, Rais Viktor Yanukovych alipoukimbia mji. Loznitsa hakumhoji mtu, wala hakutia sauti ya msimulizi. Ameweka maandishi machache tu ya kueleza matukio. Kamera yake husimama mahali pamoja kwa muda mrefu, na watu hupita mbele yake: huyu na chai, yule na mkate, wengine wamejilaza sakafuni ndani ya jumba. Kutoka jukwaani husikika hotuba, sala na mashairi, lakini msemaji mara nyingi haonekani. Ni jambo la busara kubwa, kwani jukwaa lanyimwa enzi yake, na anayekata mkate apata nafasi sawa na kiongozi.

Yafaa kuilinganisha na kazi ya Dziga Vertov ya mwaka 1929, Mtu na Kamera, iliyotengenezwa na shirika la filamu la Ukraine. Vertov, pamoja na Elizaveta Svilova aliyeunga vipande, aliichanganya Kyiv, Kharkiv, Odesa na Moscow, ukatokea mji mmoja usiokuwako duniani. Umoja wa watu wake ulifanywa mezani, kwa mkasi. Loznitsa autaka umoja uonekane wenyewe, katika picha moja isiyokatwa.

Lakini ipo ila, wala si ndogo. Uwanjani palikuwa na watu wa siasa mbalimbali, na umoja wao ulikuwa wa kujadiliwa kila siku. Kamera iliyo mbali haisikii ubishi; yasikia wimbo. Kwa hiyo umati wakaribia kuwa mtu mmoja mwenye vichwa elfu, jambo ambalo picha za jikoni zilikuwa zimelikanusha.

Ila hiyo yadhihirika zaidi mwishoni, wakati wa mazishi ya waliouawa. Majeneza yapitishwa katikati ya watu, na umati ulioimba wimbo wa taifa mwanzoni sasa waaga. Mtazamaji amekaa na nyuso hizo zaidi ya saa mbili, na maandishi ya filamu hayakumjulisha jina la hata mmoja wao.