Wadi Imeshuka

Ukimpelekea ami yangu sentensi ya Kiingereza unayoitilia shaka, hakwambii papo hapo kwamba ni sahihi au ni kosa. Huvaa miwani, akaisoma kwa sauti, kisha akairudia polepole kama anayeonja mchuzi. Ami kazaliwa Unguja, akaja Maskati miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani wa Afrika ya Mashariki. Kiingereza alichosomea Unguja ndicho kilichompa riziki: alifasiri makaratasi ya ofisi hadi akastaafu. Mpaka leo watu humfuata nyumbani kwake, Ruwi.

Safari hii nilimpelekea kumbukumbu alizoandika kijana mmoja juu ya Gonu, kimbunga kilichoipiga Maskati Juni 2007. Msomaji wake wa kwanza alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maneno haya: "the wadi came down".

Kila neno hapo, peke yake, ni zima. Kamusi itakupa maana ya moja moja, lakini haitakwambia kama yanaweza kukaa nyumba moja.

Ami hakugusa kamusi. Aliuliza, "Anayesema nani?" Nikamjibu kuwa ni bibi wa kijijini, anasimulia usiku ule kwa Kiarabu. Basi asili ikajulikana, maana Waarabu wa Oman husema wadi imeshuka pale maji ya mvua ya milimani yanapofika kwa kishindo kwenye bonde lililokuwa kavu.

"Lakini asili si hukumu, mwanangu," akasema. Ni kweli. Sisi tunasikia harufu ya ubani; mwambie Mwingereza "I heard the smell" uone atakavyokukodolea macho, na haki ni yake. Sisi tunakunywa dawa hata ikiwa kidonge, wao husema "take". Mwanaisimu Michael Halliday alionyesha mwaka 1966 kwamba chai kwao huwa "strong", haiwi "powerful", ingawa maneno hayo mawili karibu ni ndugu. Usitafute mantiki hapo. Ni mazoea ya watu, na mazoea hujulikana kwa kuyasikiliza miaka mingi.

Kisha akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: akaanza kubadilisha neno moja moja. "The valley came down." Akatikisa kichwa, hapo mlima umeporomoka. "The rain came down." Hilo halina ubishi, lakini silo alilosema bibi. "The river came down." Akanyamaza kitambo kirefu, kalamu ya risasi mkononi. Halafu akakumbuka: wasemaji wa Kiingereza wa Afrika Kusini husema hivyohivyo mto unapojaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali. Nako kuna mito inayokauka msimu mzima. Waliohitaji usemi huo waliupata kutokana na ardhi yao.

Siku hizi zipo hazina kubwa za maandishi ya kupimia mambo haya. Ile ya Kiingereza cha Uingereza iliyokamilika 1994 ina maneno milioni 100, na Oxford ilitoa kamusi ya maneno yanayoandamana mwaka 2002. Ami anaziheshimu, na mimi humsaidia kutafuta kwenye kompyuta. Ila hakubali usemi uitwe kosa kwa sababu tu haumo. Hazina iliyokusanywa Uingereza, nchi isiyo na wadi hata moja, itajuaje wadi hufanya nini?

Maneno manne yalituchukua karibu saa nzima. Mwishowe akaandika pembeni, kwa herufi ndogo zilizonyooka: kinywani mwa bibi, "the wadi came down" ibaki kama ilivyo; ukurasa wa pili, mwandishi anapotoa taarifa yake mwenyewe, iwe "the wadi was in flood".