Lile swali la pullulation

Kengele ile haikupaswa kulia. Tuanzie hapo, maana fainali ya Scripps, mashindano ya kitaifa ya Marekani ya kuendeleza maneno, ya Juni 2, 2022, pale National Harbor, Maryland, inakumbukwa kwa mambo mengine mengi huku kosa lenyewe likipitwa juu juu. Harini Logan, miaka 14, wa San Antonio, Texas, alikuwa mbele ya kipaza sauti katika raundi ya maana za maneno. Akasomewa pullulation. Katika majibu ya kuchagua kulikuwa na ndege wanaojamiiana kujenga viota, na kulikuwa na nyuki kuruka kwa kundi. Harini akachagua ndege. Jopo lilitaka nyuki. Kengele ikalia, na binti akashuka jukwaani.

Swali lilikuwa bovu, na ubovu wake si wa bahati mbaya. Fungua Merriam-Webster kamili, kamusi inayotawala mashindano haya, utazame kitenzi pullulate. Kuna kuchipua. Kuna kuzaana kwa wingi. Kuna kujaa tele, kufurika. Maana hizi ni hatua za safari moja: nyuma kabisa yuko pullus wa Kilatini, mnyama mchanga, hasa kifaranga. Kutoka kwa kifaranga neno likaenda kwenye chipukizi, likaja kwenye kuzaana, na mwishowe likafika kwenye umati unaosongamana. Kwa hiyo nyuki wana mahali pao katika neno hili, na ndege wana pao. Aliyejifunza neno kwa kufuata mzizi, kama wanavyojifunza wote wanaofika fainali, ndege ndio watakaomjia kwanza. Harini aliondolewa kwa kufanya kile ambacho mchezo wenyewe umemfundisha kufanya.

Sasa mtazame mtunga swali. Alichukua maana moja, ile ya mwisho, akaitafutia mfano, kisha akauita mfano huo fasili. Nyuki kuruka kwa kundi si fasili ya pullulation; ni tukio moja kati ya mengi yanayoweza kuitwa hivyo. Panya wakizaana ghalani ni pullulation. Watu wakifurika sokoni ni pullulation pia. Fasili inayobana neno hadi libaki na mdudu mmoja tayari imekosea, hata kabla hujafika kwenye majibu ya kupotosha. Na jibu la kupotosha lina sharti moja ambalo kila mtahini analijua: lipimwe dhidi ya maana zote zilizomo kwenye kamusi, si ile moja tu uliyoipenda. Ndege wanaojamiiana wangepimwa dhidi ya "kuzaana" wangefutwa mezani siku hiyohiyo, wala kisingetokea kitu.

Majaji walirudi kwenye kamusi wakamrejesha, na hilo walifanya vizuri. 

Lakini kwa nini tulifika hapo? Nimelisema hili tangu 2019, walipotawazwa mabingwa 8 kwa mpigo baada ya raundi 20, na nitalirudia. Waandaaji waliishiwa maneno ya kuwatenganisha watoto, wakaumia, kisha mashindano ya 2020 yakafutwa kwa sababu ya Uviko. Waliporejea 2021 walikuja na mambo mawili mapya jukwaani: maswali ya maana, na mpambano wa kasi wa sekunde 90. Maana ilikuwa imeshaingia kwenye mtihani wa kompyuta tangu 2013, na huko haikumdhuru mtu sana, kwa sababu swali moja bovu linamezwa na mengine mengi mazuri. Jukwaani, swali moja ndilo hukumu nzima. Chombo kilichofaa kupima wastani kikafanywa kisu.

Zamani maana ilikuwa haki ya mshindani. Wakumbuke Jody-Anne Maxwell wa Jamaika, bingwa Mweusi wa kwanza, aliyelifunga jambo 1998 kwa chiaroscurist. Na Nupur Lala mwaka uliofuata kwa logorrhea. Enzi zao mtoto alimwuliza mtamkaji: neno hili lina maana gani, limetoka lugha gani, litumie katika sentensi. Maana ilikuwa taa ya kutafutia herufi. Bingwa Dev Shah alituonyesha 2023 kwamba taa hiyo bado inawaka, alipolipasua psammophile kuwa mchanga na kupenda, akathibitisha mizizi yote miwili kwa mtamkaji, ndipo akaanza kuliendeleza. Huo ndio ujuzi wa msamiati: unauona ukifanya kazi.

Na kama kuna anayedhani kwamba neno lisilo haki ni jambo dogo, amtazame MacNolia Cox wa Akron, Ohio, binti Mweusi wa miaka 13, aliyetolewa 1936 kwa neno nemesis, huku ikilalamikiwa kwamba hilo ni jina la mungu wa Kigiriki na halikustahili kuwamo. Yeye hakurejeshwa.

Kosa hili la kulibana neno kwenye maana moja linanigusa kwa sababu tunalo shuleni kwetu. Daftari la msamiati lenye safu mbili, neno huku, maana moja kule, limewaharibia Kiingereza watoto wengi wa Nairobi na Dodoma. Mtoto anakariri kwamba notorious ni "mashuhuri", kisha kwenye insha anaandika kuwa bibi yake ni notorious kwa ukarimu. Jibu la kuchagua angelipata. Neno lenyewe hana, kwa sababu hajaambiwa kwamba umashuhuri huo ni wa ubaya. Mtihani wa haki ungempa sentensi nne akaambiwa aseme ni ipi neno linakaa vizuri na ni ipi linakataa. Pullulation ingepimwa hivyo bila shida, na mwenye mzizi kichwani angeonekana mara moja.

Waandaaji watasema runinga haina muda. Usiku ule muda ulikuwepo. Harini, akiwa amesharejeshwa, na mpinzani wake wa mwisho Vikram Raju walivutana raundi kadhaa, sereh ikimwangusha huyu, drimys ikimwangusha yule aliyekuwa neno moja tu kutoka kwenye taji, kisha caul, kisha otukian. Huo ulikuwa mchezo mtamu wa kweli, nao ukakatwa ili waingie kwenye sekunde 90 za kutema herufi. Harini alipata 21 kati ya 26, Vikram 15 kati ya 19, na kombe likaenda Texas. Katika maneno yote hayo hakuna hata moja ambalo yeyote kati yao aliulizwa maana yake.