Spea za Doc Hudson: Uhakiki wa Filamu ya Cars
Katika filamu ya Cars (2006), iliyoongozwa na John Lasseter, mhusika anayenivutia zaidi si kijana Lightning McQueen bali mzee Doc Hudson, gari aina ya Hudson Hornet la mwaka 1951. Tunaelezwa kwamba alishinda Kombe la Piston mara tatu, akapata ajali mwaka 1954, na alipopona akakuta nafasi yake imepewa chipukizi.

Kifani, usawiri huu umefaulu: uchungu wa mzee unaaminika. Kimaudhui, hata hivyo, naona pengo. Mwaka huohuo wa 1954 kampuni ya Hudson iliungana na Nash, kwani kampuni ndogo zilikuwa zikilemewa na General Motors, Ford na Chrysler. Hornet halisi ilitamba mashindanoni. Iliyoshindwa ni kampuni yake, tena sokoni. Filamu inageuza kifo cha kiwanda kuwa jeraha la mhusika mmoja, kisha inatutuliza kwamba heshima ya vijana yatosha kumponya.

Nikishuka kutoka Nakasero hadi soko la Kisekka, nawakuta mafundi wakipekua marundo ya vyuma kutafuta spea ya gari lisilotengenezwa tena. Hawaulizi lilishinda vikombe vingapi. Bila kile chuma, gari halitoki pale.

Doc ndiye anayewatibu wenzake wote mjini Radiator Springs. Spea zake mwenyewe zinatoka wapi? Filamu haisemi.