Boneti Pana ya Bedford

Ukilitazama Bedford MW kwa mara ya kwanza, utadhani aliyelichora alikuwa na rula tu mkononi. Boneti yake ni bapa, imepanuka kushoto na kulia kupita mahitaji ya injini iliyo chini yake. Kabini haina paa la bati. Lori dogo, fupi, lisilo na madaha yoyote. Hata hivyo karibu 66,000 ya malori haya yalitengenezwa kati ya 1939 na 1945, na jeshi la Uingereza lilitembea nayo karibu kila lilikopigana.

Upana ule wa boneti una kisa chake. Katikati ya miaka ya 1930 jeshi hilo lilikuwa likiachana na farasi, nalo likataka gari jepesi litakaloandamana na askari hadi nje ya barabara. Daraja lililochaguliwa lilihesabiwa kwa kipimo cha kale cha Waingereza, handredweti 15, yaani kama kilo 760 za mzigo. Morris-Commercial walitangulia na CS8 yao mwaka 1934. Guy wa Wolverhampton wakaja na Ant. Vauxhall wa Luton, wenye jina la Bedford kwenye malori yao, hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua lori lao la kawaida la tani mbili, la aina waliyokuwa wakiwauzia wafanyabiashara, wakalirekebisha, na mwaka 1935 wakalipeleka kwenye majaribio ya jeshi. Katika nyika ya Bagshot injini ikachemka.

Mhandisi mwenye pupa angeilaumu injini na kuanza kuchora nyingine. Wahandisi wa Vauxhall walijiuliza kwa nini injini isiyosumbua barabarani ichemke nyikani. Kwenye lami, mwendo wenyewe huisukumia rejeta upepo. Ndani ya mchanga dereva yuko gia ya chini: injini inanguruma kwa nguvu zote, gari linajikokota kama mtu anavyotembea, na upepo wa mwendo haupo. Kazi yote inabaki kwa feni na rejeta. Basi injini haikuchorwa upya: MW lilitoka na injini ya Bedford ya silinda sita, lita 3.5, nguvu za farasi 72, na yaliyobadilika ni yaliyoizunguka: upoozaji ukaimarishwa, na chujio kubwa la hewa likawekwa ili vumbi lisiingie kwenye silinda. Vitu hivyo vinataka nafasi. Boneti pana ndiyo nafasi hiyo.

Mimi naona hapo ndipo ulipo ufundi wa kweli wa magari haya: kujua kitu gani kisiguswe.

Uzito uliotajwa nao usikudanganye. Kilo 760 ni ahadi ya mzigo wa porini, iliyotolewa kwa tahadhari. Kulikuwa na MW ya kubeba maji, yenye tangi la galoni 200 za Kiingereza. Piga hesabu: maji peke yake yanapita kilo 900, tangi na pampu bado. Chesisi ileile ilibeba pia redio, risasi na blanketi, ikakokota na mizinga midogo ya kupigia vifaru.

Mwaka 1940 jeshi lilipookolewa Dunkirk, magari kama 64,000 yaliachwa Ufaransa; Wajerumani wakayaokota na kuyatumia. Ilibidi kujaza pengo kwa haraka, na busara ya Luton ikaonekana. Bedford QL, lori kubwa la tani tatu linalosukumwa na magurudumu yote manne, lilitumia injini ya ukoo uleule. Fundi aliyefungua moja alikuwa ameshazifahamu zote mbili.

Njia hiyohiyo ya kuanzia kwenye gari la raia ilizaa pia vipikapu ambavyo askari waliviita Tilly, vilivyochongwa kutoka magari ya familia ya Austin, Hillman, Morris na Standard. Vinapendwa sana leo, na picha za Binti Mfalme Elizabeth akijifunza ufundi wa magari jeshini mwaka 1945 zimevizidishia sifa. Mimi sivisifu kiasi hicho. Vilifaa kumpeleka ofisa kambini, matope yalivishinda.

MW nalo lina upungufu, na ni upungufu wa maana: lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Wakanada walijenga magari ya daraja hilohilo yanayosukumwa na magurudumu yote manne, na penye utelezi dereva wa MW bila shaka aliyatazama kwa wivu. Kabini ya awali nayo ilikuwa adhabu: vioo viwili vidogo vya kukunja, turubai mahali pa milango, mvua ya Ulaya usoni. Ilipofika 1943 ndipo kikaja kioo kizima cha mbele na milango yenye haki ya kuitwa milango.

Vita vilipokwisha, mengi yaliuzwa kwa raia. Wenye gereji Uingereza waliyafunga winchi na kuyafanya magari ya kuvutia yaliyoharibika, na vipuri vingi vya injini havikuwa shida kupata, kwa kuwa Bedford za kawaida zilizokuwa zikiuzwa madukani ziliendelea kutumia injini ya jamii hiyohiyo.