Kitasa cha Liva na Ushahidi wa Ufunguo Wake

Kitasa cha mlango wa nyumba, kinapochunguzwa na mtu anayetaka kujua kimetengenezwa na nani na kina ulinzi wa kiasi gani, hutoa ushahidi wa aina tatu: ule uliopigwa chapa kwenye chuma chake, ule uliochongwa kwenye ufunguo wake, na ule uliofichwa ndani ya kasha linalozamishwa katika ubao wa mlango. Wanunuzi wengi huishia kwenye ushahidi wa kwanza, ambao ndio dhaifu kuliko yote kwa kuwa kupiga chapa ya jina hakugharimu kitu kikubwa, ilhali ufunguo humwambia mchunguzi mengi zaidi bila hata skrubu moja kulegezwa. Uchambuzi huu unahusu hasa kitasa cha kuzamishwa chenye liva, kile ambacho ufunguo wake ni mrefu, wa mviringo, wenye bawa la meno kwenye ncha, kwa sababu ndicho kilichozoeleka katika milango ya mbao ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki.

Liva ni kibati chembamba, aghalabu cha shaba, kinachoegemea kwenye mhimili mmoja na kukandamizwa na springi, na ndani yake kina mwanya mwembamba ambao kijiti kilichopachikwa kwenye ulimi wa kitasa hupita pindi kibati hicho kinapoinuliwa hadi kimo chake halisi. Kikiinuliwa pungufu, kijiti hugonga ukingo wa juu wa mwanya; kikiinuliwa kupita kiasi, hugonga ukingo wa chini. Sharti hilo la pili, la kuzuia hata kinachozidi, ndilo alilolisajilia hataza Mwingereza Robert Barron mwaka 1778, na ndilo lililokitenga kitasa cha kisasa na vile vya kale ambavyo kipande chochote cha waya kilichoinua kizuizi juu vya kutosha kilivifungua. Kila liva inayoongezwa ni sharti jingine ambalo ufunguo hauna budi kulitimiza kwa wakati mmoja na mengine, na kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kitasa cha aina hii huwa ni idadi ya liva zake.

Idadi hiyo, pamoja na jina la mtengenezaji, hutafutwa kwanza kwenye bati la uso, yaani kile kipande chembamba cha chuma kinachoonekana ubavuni mwa mlango unapokuwa wazi. Jina la Union, ambalo mafundi wengi wa Kenya na Tanzania hulitaja kana kwamba ndilo jina la kitasa chenyewe, lilikuwa la kampuni ya Josiah Parkes & Sons ya Willenhall, mji uliokuwa wa Staffordshire nchini Uingereza na uliosifika kwa uhunzi wa vitasa, na leo limo mikononi mwa Assa Abloy ya Sweden, kampuni iliyozaliwa mwaka 1994 na ambayo inamiliki pia jina la Yale katika sehemu kubwa ya dunia. Hata hivyo, jina pekee halitoshi hata pale linapokuwa la kweli, kwani Union 2277 ni kitasa cha liva tatu na Union 2234E ni cha liva tano kilichotengenezwa kutimiza kiwango cha Uingereza cha BS 3621, na mtu anayeuliza dukani kitasa cha Union bila kutaja namba atapewa kile kilicho karibu na mkono wa muuzaji.

Bati likiwa halina maandishi, au maandishi yake yakitiliwa shaka, vipimo huanza kusema. Umbali kutoka katikati ya chuma cha mraba kinachounganisha mikono miwili ya kitasa hadi katikati ya tundu la ufunguo huwa milimita 57 katika vitasa vingi vya mtindo wa Kiingereza, ilhali vile vinavyofuata desturi ya Kijerumani huwa na milimita 72 kwa milango ya ndani. Chuma hicho cha mraba chenyewe kina unene wa milimita 8 Uingereza na Ujerumani, na milimita 7 Ufaransa. Vipimo hivyo havimtaji mtengenezaji, lakini humwonyesha mchunguzi ni ukoo gani wa vitasa anaoshughulika nao, na humwokoa fundi na kosa la kununua kitasa kipya ambacho matundu yake hayataoana na yale yaliyokwisha kutobolewa mlangoni.

Ushahidi wa ufunguo ndio mtamu zaidi, na inasikitisha kwamba hausomwi. Ngazi zilizochongwa kwenye bawa la ufunguo zikihesabiwa, na ile sehemu inayosukuma ulimi wenyewe ikaachwa nje ya hesabu, kinachobaki ndicho kiasi cha liva ambazo ufunguo huo unaweza kuziinua. Lakini hesabu hiyo haikamiliki bila kutazama jambo jingine, nalo ni ulinganifu. Ufunguo wa kitasa kinachofungwa kutoka nje na pia kutoka ndani huingia kwa pande mbili zinazokabiliana, hivi kwamba jino lililotangulia ukiwa nje huwa la mwisho ukiwa ndani, na liva, ambazo hazihami mahali pake, zinapaswa kukutana na kimo kilekile katika safari zote mbili. Ndiyo maana bawa la ufunguo wa kitasa cha kawaida cha liva tatu huwa na nusu mbili zinazofanana kama mtu na sura yake kwenye kioo.

Athari ya ulinganifu huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ichukuliwe kwamba kila liva inaweza kutengenezwa kwa mojawapo ya vimo sita: liva tatu zilizo huru zingezaa funguo 216 tofauti, yaani 6 mara 6 mara 6, lakini kwa kuwa liva ya kwanza na ya tatu zinalazimika kuwa na kimo kimoja, kinachosalia ni 6 mara 6, ambayo ni 36 tu. Katika vitasa vya liva mbili hali huwa mbaya zaidi. Hapo ndipo ulipo mzizi wa lile tukio ambalo wapangaji hulisimulia kwa mshangao, la ufunguo wa chumba cha jirani kufungua chumba chao. Kiwanda kilichotoa maelfu ya vitasa kutoka kwenye funguo dazeni chache hakina njia ya kuzuia viwili kati yavyo vyenye ufunguo uleule kukutana kwenye ukumbi mmoja wa nyumba ya kupanga. Watu husingizia ufunguo malaya, kama unavyoitwa mitaani ufunguo mmoja unaofungua vitasa vingi, ilhali kilichotokea ni hesabu ya kawaida, na anayefunga kitasa cha namna hiyo kwenye mlango wa mtu anayelipa kodi amemkabidhi mlango uliofungwa nusu. Kwa kulinganisha, BS 3621, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, inadai tofauti zisizopungua 1000, na ulimi unaotoka milimita 20 nje ya bati la uso, kipimo ambacho mtu yeyote mwenye rula anaweza kukithibitisha kwa kuzungusha ufunguo mlango ukiwa wazi.

Ngazi ya tatu ya uchunguzi huhitaji kasha litolewe mlangoni na kifuniko chake kifunguliwe taratibu juu ya meza, kwa sababu springi za liva huruka. Kitasa cha bei ya chini hufichua liva nyembamba zenye mianya laini na kuta za bati jepesi. Kitasa cha ulinzi wa juu huonyesha vitu ambavyo nje havionekani: mikato ya uongo kwenye kingo za mianya, ambayo hunasa kijiti pale mtu anapojaribu kuinua liva moja moja kwa waya, pazia, yaani silinda fupi inayozunguka pamoja na ufunguo na kuziba tundu ili kifaa cha pili kisipenye, bamba la chuma kigumu linalokinga liva dhidi ya keekee, na nondo ndogo ndani ya ulimi ambazo huzunguka bure chini ya meno ya msumeno bila kukatika.

Mikato hiyo ya uongo ina historia inayofaa kukumbukwa na kila anayeamini jina. Jeremiah Chubb alisajili mwaka 1818 kitasa cha kugundua, ambacho liva yake moja, ikiinuliwa kupita kiasi na ufunguo bandia, hunaswa na kubaki juu hadi mwenyewe arudi na kutambua kwamba kitasa kimechezewa. Kilihesabiwa kuwa hakifunguki. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikifungua kwa dakika 25, akitumia palepale taarifa ambazo kinasa hicho kilikuwa kikimpa kuhusu kimo cha liva. Kitasa kingine, cha mtengenezaji aitwaye Bramah, kilichokuwa na zawadi ya sarafu 200 za gini dirishani mwa duka huko Piccadilly, kilimchukua saa 51 zilizogawanyika katika siku 16, nacho kikafunguka. Watengenezaji walirudi mezani, na sehemu ya kinachoonekana leo ndani ya kasha zuri ni jibu lao kwa kiangazi kile.

Uchunguzi wa kitasa haukamiliki bila pokeo, yaani bati la kwenye mwimo ambamo ulimi huingia. Liva tano, pazia na bamba gumu vyote huishikilia nyumba kupitia skrubu mbili zilizopigwa katika mwimo huo, na pokeo lililo bora huwa na kisanduku cha chuma kinachouzunguka ulimi pande zote badala ya tundu lililochimbwa kwa patasi. Mchunguzi hana budi kutoa skrubu moja na kuipima urefu, kisha kupenyeza bisibisi katika tundu lake ili kujua kama nyuma ya mwimo kuna ukuta uliojaa au uwazi uliozibwa kwa plasta, kwani skrubu ya sentimita mbili iliyoshika ukingo wa mbao laini itang'oka na kipande cha mti, huku kitasa chenyewe, namba yake na alama yake ya ubora vikiwa salama kabisa kwenye mlango uliofunguka.