Elimu ya balehe shuleni: somo lililokosa lugha

Katika Katanga, shule huweza kulaumiwa kwamba iliua mafunzo ya jadi ya balehe. Hoja hiyo yahitaji kupimwa upya. Audrey Richards, aliyeshuhudia chisungu cha Wabemba mwaka 1931 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1956, aliona kwamba wasichana hawakufunzwa mambo ya mwili wasiyoyajua. Walipewa nyimbo, sanamu za udongo zenye maana ya siri, na hadhi mpya mbele ya wakubwa. Basi kilichopotea, kwa maoni yetu, ni namna ya kusema. Maarifa yenyewe hayakuwa haba.

Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilikuwa na shule za kambi za Union Minière zilizokabidhiwa wamisionari Wakatoliki. Wanawake walifundishwa kushona, usafi na malezi. Ukimwi ulipotambuliwa nchini mwaka 1983, mwili ukawa jambo la hatari, na mwaka 1987 Franco akawaonya watu kwa wimbo wake «Attention na sida». Somo la leo, Éducation à la vie, limerithi sauti zote mbili: ya usafi na ya tahadhari. Tena jina lenyewe linakwepa: maisha yametajwa, mwili haukutajwa.

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Hata hivyo, mwalimu akiacha Kifaransa atashika neno gani? Kamusi zampa «balehe» na «hedhi», yote mawili ya asili ya Kiarabu, na «kuvunja ungo», nahau ya pwani. Mtoto wa Kikula hakuzipokea kwa mama yake. Kwake ni ngeni karibu sawa na Kifaransa. (Wapenzi wa usanifu watatusamehe.) Nayo maneno ya mtaani, ambayo mtoto anayajua, hayatamkiki mbele ya mwalimu bila kuvunja heshima.

Lakini kuna mtu ambaye heshima haimfungi kinywa: nkambo. Bibi na mjukuu hutaniana, na katika utani huo mambo ambayo mama hawezi kuyataja hutajwa bila aibu. Msamiati wa somo hili ungekusanywa kwanza kwake, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kabla ya kufungua kamusi. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya tasnifu wangeanzia Kikula na Shituru.